Transfoma Ina Namba Yake, na Mahali Pana Namba Yake

Ukinitaka ushauri kuhusu programu ya kusimamia mali za shirika la umeme, nitakuuliza kwanza: transfoma iliyoungua Ahero, ikapelekwa karakana, waya zake zikasukwa upya, kisha ikafungwa Bungoma, historia yake iko wapi? Katika kazi yangu ya kukusanya data za laini za stima huku magharibi mwa Kenya, mara nyingi nimeikuta historia hiyo imebaki Ahero. Mahali palipewa namba, mashine haikupewa. Huko Bungoma transfoma hiyo inahesabiwa mpya, ilhali imeshaungua.

Kwa hivyo, kabla hamjanunua programu yoyote, tenganisheni hivyo viwili. Mahali pawe na namba ya kudumu: nguzo fulani, kwenye laini fulani ya kilovolti 11 au 33. Mashine itambulike kwa jina la mtengenezaji na namba ya kiwandani iliyo kwenye kibati chake. Mfumo uandike kwamba mashine hii ilikaa hapa tangu tarehe hii hadi ile. Hapo ndipo mtakapojua kama tatizo ni aina ya transfoma au ni mahali penyewe. Kwetu hilo lina uzito, maana kuanzia Kisii hadi Kakamega radi hupiga sana. Nguzo inayounguza transfoma moja baada ya nyingine ipimwe waya wa ardhini na kukaguliwa vizuia radi. Kuiletea transfoma nyingine tu ni kutupa pesa.

Kwenye ramani kuna mtego unaotuhusu sisi hasa. Ikweta hupita Maseno. Mji wa Kisumu uko kama nyuzi 0.09 kusini, kwa hiyo latitudo yake huandikwa na alama ya kutoa. Alama hiyo ikisahaulika, transfoma ya Kisumu huruka kilomita 20 hivi kaskazini na kutua Vihiga, ambako kuna watu na kuna stima, na hakuna atakayeshtuka. Kosa hilohilo likifanyika Nairobi, transfoma ingeonekana upande wa Maralal na kila mtu angeuliza. Basi fundi asiandike namba hizo kwa mkono. Simu ichukue mahali yenyewe, hata pasipo na mtandao, na mfumo ulinganishe na jina la kaunti kabla ya kupokea rekodi.

Faida kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, iko kwenye kuunganisha kila mita na transfoma inayoilisha. Ukiwa na muunganisho huo unaweza kujumlisha matumizi ya wateja na kuona transfoma ya kVA 100 (kVA ni kipimo cha mzigo inaoweza kubeba) inayobebeshwa kupita kiasi tangu mtaa ulipoongeza posho mill na mafundi wa kuchomelea. Joto ndilo linaloiua. Kwa karatasi ya kawaida ya kukingia waya, joto la sehemu yenye moto zaidi ndani likipita nyuzi 98, kila nyuzi 6 za ziada huongeza maradufu kasi ya kuchakaa. Transfoma inayozidiwa kila jioni inakula miaka yake kimyakimya, na taarifa za mita zinaweza kukuonya mapema kabla mtaa haujaingia gizani. Lakini muunganisho huo hupotea haraka mno. Siku wateja wanapohamishiwa transfoma mpya, kikosi kilekile kilichohamisha waya kihamishe na mita kwenye mfumo, kabla hakijaondoka.

Transfoma kubwa za vituoni zina kipimo chao, cha gesi zilizoyeyuka kwenye mafuta. Asetilini, mojawapo ya gesi hizo, ikianza kupanda, huenda ndani kuna cheche kali. Matokeo hayo yaingizwe kama tarakimu zinazolinganishwa mwaka hadi mwaka. Cheti kilichoskaniwa na kuhifadhiwa hakitaonyesha kwamba gesi imepanda.

Nasisitiza pia habari ya mafundi, kwa sababu nimeona mifumo ya gharama ikifa mikononi mwao. Fundi akitakiwa kulisha mfumo bila yeye kupata chochote, atajaza ilimradi. Mpeni historia ya transfoma kwenye simu kabla hajapanda nguzo: fyuzi ilikatika lini, mafuta yaliibwa lini, nani aliikagua mwisho. Mruhusuni arekebishe rekodi akiwa palepale, msimamizi wake aidhinishe jioni hiyohiyo. Anzeni na laini moja tu, ile yenye malalamiko mengi, na msiende ya pili mpaka mafundi wa laini hiyo wawe wanaifungua programu bila kusukumwa.