Broka anasema ni ushuru wa Trump, ni ukweli?

SWALI: Mhariri habari, mimi niko Subukia, Nakuru, nina miti ya avokado za Hass. Broka amekuja akanishushia bei ati Trump ameweka ushuru. Nimkubalie? – Mama Subukia

JIBU: Mama pole, lakini huyo broka anakuchezea. Ni kweli Aprili 2025 Marekani ilitangaza ushuru wa 10% kwa bidhaa za Kenya, na huo hulipwa na anayeingiza mzigo kule, kisha anatafuta wa kumsukumia, ndiyo wauza makadamia walilia. Lakini avokado zetu fresh soko lake kubwa ni Ulaya na nchi za Waarabu, si Marekani, na Ulaya tunaingia bila ushuru kwa ule mkataba wa biashara wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulioanza kazi tarehe 1 Julai 2024.

Kitu kimeumiza bei kweli ni njia. Tangu mwisho wa 2023 meli nyingi zilianza kukwepa Bahari ya Shamu sababu ya mashambulizi ya Wahouthi, wale waasi wa Yemen, zinazunguka Afrika Kusini yote, safari inaongezeka wiki kama mbili hivi na tunda linafika limelegea, hapo sasa ukutane na mzigo wa Peru sokoni, bei inaanguka tu. Na sisi wenyewe pia jamani, tunachuma changa!

Muulize broka kontena yake inaenda bandari gani. Akianza kuzungukazunguka, tafuteni eksipota na majirani muuze pamoja.