Kumlea kwa muda farasi aliyestaafu mbio: ya kujua kabla hujakubali

Karibu kila anayeniuliza habari za kulea farasi waliostaafu mbio huanza na bei ya nyasi kavu au ukubwa wa kiwanja. Maswali hayo yana nafasi yake, lakini hayagusi kiini cha kazi. Kwa maoni yangu, baada ya miaka ya kuwapokea farasi hawa na kuwaaga nje kidogo ya mji wa Lexington, jimbo la Kentucky, jambo kubwa ambalo mlezi wa muda humfanyia farasi ni kumjua na kumweleza kwa wengine kama alivyo. Farasi hutoka uwanjani akiwa na jina, nasaba na kumbukumbu ya kila shindano alilokimbia, ila hakuna anayeweza kukuambia kama anavumilia kubaki peke yake malishoni, kama anatulia mtoto anapompiga brashi, au kama mguu uliowahi kuvimba bado humsumbua ardhi inapokuwa ngumu. Mlezi ndiye anayeyatafuta majibu hayo, na mara nyingi hayo ndiyo yanayoamua kama farasi atapata makao ya kudumu au atabaki kupokezanwa mwaka hadi mwaka.

Naandika hasa kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili walioko hapa Lexington, ambao sasa ni wengi, hasa ndugu zetu kutoka Kongo, kwa kuwa baadhi yetu tunaofanya kazi ya usaisi kwenye mashamba ya farasi huombwa kusaidia kabla ya kuelezwa vya kutosha tunachokikubali.

Farasi hawa si wazee. Thoroughbred, ambao ndio uzao unaotawala mbio hapa, huanza kushindana wakiwa na umri wa miaka 2, na wengi huachishwa wakiwa na miaka 4, 5 au 6, ilhali farasi anayetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 25 na zaidi. Kwa hiyo anayeletwa kwako amebakiza takriban robo tatu ya maisha yake, na hajui kazi nyingine isipokuwa kukimbia. Kwa muda mrefu tasnia hii iliendeshwa kwa kanuni ya punda afe mzigo ufike. Ferdinand, farasi aliyeshinda mbio mashuhuri za Kentucky Derby mwaka 1986 na kutajwa Farasi wa Mwaka mwaka 1987, aliuzwa Japani kwa ajili ya uzazi, na inaaminika kwamba aliishia machinjioni mwaka 2002. Ikiwa bingwa alifikia hapo, mtu anaweza kukisia hali ya farasi asiye na jina. Machinjio ya mwisho ya farasi nchini Marekani yalifungwa mwaka 2007, lakini farasi waliendelea kusafirishwa kwenda kuchinjwa Kanada na Meksiko, na daraja kati ya uwanja wa mbio na malori hayo kwa kawaida ni mnada wa bei ya chini.

Mtandao wa walezi wa kujitolea huziba pengo hilo. Mkufunzi anapoona farasi hana tena faida uwanjani, hupiga simu kwa shirika. Mtu mwenye trela humfuata. Mwenye kiwanja na banda humpokea kwa wiki kadhaa au miezi. Kisha hutafutwa mmiliki mpya. Kabla ya kujiunga, angalia kama shirika limeidhinishwa na Thoroughbred Aftercare Alliance, chombo kilichoanzishwa mwaka 2012, chenye makao yake hapa hapa Lexington, ambacho hukagua mashirika ya aina hii kabla ya kuyapa ithibati. Shirika dogo lisilo na ithibati laweza kuwa la watu waadilifu kabisa, lakini hapo itakubidi ufanye ukaguzi mwenyewe: zungumza na walezi wawili watatu waliowahi kulitumikia, na uwaulize waziwazi kama bili za daktari zililipwa kwa wakati.

Hilo la bili ndilo linalovunja urafiki. Usimpokee farasi bila mkataba wa maandishi unaosema kwamba yeye ni mali ya shirika, kwamba shirika ndilo linalolipa daktari wa mifugo na fundi wa kwato, na kwamba wewe una mamlaka ya kumwita daktari usiku wa manane bila kusubiri mtu aamke kukujibu simu. Msokoto wa tumbo haungoji ofisi ifunguliwe. Mkataba useme pia kiwango cha juu ambacho daktari anaweza kutumia bila idhini, na nani mwenye kauli ya mwisho ikiwa itabidi farasi alazwe usingizi wa milele. Mazungumzo hayo ni mazito, lakini ni mazito zaidi yakifanyika farasi akiwa chini anagaagaa.

Akishuka kwenye trela, mtenge na wanyama wengine kwa wiki mbili hadi tatu, awe na ndoo zake na koleo lake, kwa sababu ugonjwa wa kuvimba tezi za koo huenea kwa haraka mno mabandani na farasi anaweza kuubeba kabla hajaonyesha dalili. Mpime joto kila siku na uandike. La kawaida ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, na mapigo ya moyo akiwa ametulia huwa kati ya 28 na 44 kwa dakika. Ukishajua tarakimu zake yeye binafsi, utatambua mapema siku ambayo mambo si sawa. Hakikisha pia kwamba farasi uliyeletewa ndiye aliyeandikwa kwenye karatasi. Waliozaliwa kuanzia mwaka 2017 huwa na chipu shingoni. Kwa wakubwa zaidi utainua mdomo wa juu na kusoma chapa ya herufi na tarakimu iliyochorwa kwenye nyama laini ya ndani, kazi inayohitaji tochi, kitambaa cha kufutia mate, na subira kubwa ya pande zote mbili.

Sura ya chakula ndiyo ndefu kuliko zote. Farasi wa mbio hula nafaka nyingi na husimama bandani karibu siku nzima, na utaratibu huo, ukichanganywa na mazoezi makali, huleta vidonda vya tumbo ambavyo vimeenea sana miongoni mwao. Anayesaga meno, anayekunja masikio unapomkaza mkanda wa tandiko, au anayeacha chakula katikati, huenda hana tabia mbaya hata kidogo; huenda anaumwa. Mwambie daktari, ambaye akithibitisha kwa kawaida humwandikia omeprazoli kwa takriban wiki nne. Nyasi kavu ziwe mbele yake karibu muda wote: farasi wa kilo 500 anahitaji kilo 8 hadi 10 kwa siku. Nafaka ipunguzwe kidogo kidogo kwa muda wa siku kumi au wiki mbili, maana tumbo la farasi halipendi mabadiliko ya ghafla. Majani mabichi nayo yana hatari yake, hasa haya ya Kentucky wakati wa machipuko, kwa hiyo siku ya kwanza ayale kwa dakika 15 au 20 tu, kisha uongeze taratibu. Ukipita uzio, angalia kama kuna mti wa mepo mwekundu, ambao hapa huitwa red maple. Majani yake yakinyauka huharibu chembe za damu za farasi na huweza kumuua.

Jiandae kwa jambo ambalo watu hawalisemi: mara nyingi farasi huonekana vibaya zaidi mwezi wa pili kuliko siku aliyofika. Misuli ya mbio huyeyuka kabla mafuta hayajaja, manyoya hupoteza mng'ao, na jirani anayepita barabarani huanza kunong'ona kwamba humlishi. Dawa ya minong'ono hiyo ni kumbukumbu. Mpige picha kila wiki akiwa mahali pale pale na kwa upande ule ule, umpe alama kwa kipimo cha Henneke, kilichotungwa mwaka 1983 na kinachoanzia 1 kwa farasi aliyekonda kupita kiasi hadi 9 kwa aliyenenepa kupita kiasi, na usiridhike na kumtazama tu. Pitisha mkono kwenye mbavu. Picha hizo zitamsaidia pia mmiliki mpya kuelewa alikotoka mnyama wake.

Mtu aliyekulia pwani, kama mimi, amezoea punda, na mazoea hayo yanaweza kumponza. Punda akiogopa husimama na kufikiri. Farasi hukimbia kwanza. Ndiyo maana siku ya kwanza ya kutoka nje achaguliwe kiwanja kidogo chenye uzio wa mbao unaoonekana vizuri, kamwe usiwe wa seng'enge, na apewe mwenzake mzee mtulivu upande wa pili wa uzio. Mtembeze kwanza kuzunguka mipaka yote. Nilikuwa na farasi maksai mmoja mwekundu aliyekataa kabisa kunywa kwenye hodhi, akiwa amezoea ndoo iliyoning'inizwa kwenye kona ya banda. Alisimama kando ya maji tele huku ulimi umekauka, mpaka nilipoitundika ndoo yake juu ya hodhi hiyo, nikaishusha siku baada ya siku hadi ikazama. Mambo madogo ya namna hiyo ndiyo yanayojaza daftari la mlezi.

Kuhusu miguu nitasema kwa ufupi, kwa sababu mwenye neno hapa ni daktari. Kano iliyochanika huweza kuhitaji miezi 6 hadi 12 ya mapumziko na mazoezi ya kutembea yaliyopangwa, na uvimbe kupotea si ushahidi kwamba imepona. Omba picha za eksirei na ripoti za uwanjani mapema, maana baada ya mwezi mkufunzi atakuwa ameshasahau. Kwato nazo, zikishavuliwa vile viatu vyepesi vya alumini, huwa nyembamba na dhaifu, na ukwato mzima huchukua takriban mwaka kujijenga upya.

Akishapata ruhusa ya kupandwa, kumbuka kwamba si mbichi, bali amefundishwa lugha nyingine. Uwanjani mpandaji hurushwa juu ya tandiko na msaidizi huku farasi akitembea, kwa hiyo ukimtaka asimame kando ya ngazi ya kupandia, unamdai jambo ambalo huenda hajawahi kuombwa. Ukivuta hatamu kwa nguvu ili umpunguze kasi, yeye huegemea lijamu na kuongeza mwendo, maana hivyo ndivyo alivyofundishwa. Na kwa kuwa mbio za Marekani hukimbiwa kwa kuzunguka kushoto, wengi ni wagumu wa kugeuka kulia. Yote haya hufundishika, na farasi hawa ni wepesi wa kuelewa kuliko wanavyosifiwa. Mimi huwapa kipindi cha kupumzika kabisa kabla ya tandiko, na sipendi haraka ya mashirika yanayotaka video ya farasi akipandwa ndani ya wiki ya kwanza ili apate kutangazwa.

Sasa tufike kwenye tangazo lenyewe, ambalo aghalabu huandikwa kutokana na maelezo ya mlezi. Hapa kishawishi ni kikubwa, kwa sababu umempenda mnyama, unataka aondoke kwa heri, na banda linahitajika kwa mwingine. Ukiandika kwamba ana nguvu nyingi, msomaji hataelewa kwamba alimtupa mpandaji mzoefu mara mbili. Andika alichofanya, lini na katika hali gani: kwamba akiachwa peke yake hutembea kando ya uzio hadi achimbe njia, lakini akiwa na mbuzi hutulia; kwamba hung'ata mbao na kumeza hewa; kwamba goti la kulia halikunji sawasawa, na daktari amemruhusu kutembezwa njiani tu, asirushwe vizuizi. Nimeona farasi mwenye orodha ndefu ya kasoro akichukuliwa upesi na mama mmoja aliyetaka mwenzi wa kutembea naye msituni, na nimeona mwingine aliyepambwa kwa maneno matamu akirudishwa akiwa na woga aliokuwa hana mwanzo.

Kusema hapana ni sehemu ya kazi hiyo hiyo. Mwombaji anayetaka farasi wa kwanza kwa ajili ya binti wa miaka kumi, asiye na mwalimu wala jirani mwenye ujuzi, aelekezwe kwa upole kwa mnyama mwingine, hata kama kiwanja chake ni kizuri kuliko chako. Omba namba ya daktari wake wa mifugo na uipige. Mkataba wa kumkabidhi farasi upige marufuku kumpeleka mnadani, na ulitaje shirika kuwa ndilo litakalompokea tena wakati wowote mmiliki akishindwa, bila kumuuliza maswali ya kumwaibisha. Shirika lihakikishe pia kwamba taarifa ya kustaafu kwake imeandikishwa kwa The Jockey Club, wanaotunza daftari la nasaba, ili asije akarejeshwa uwanjani kwa mlango wa nyuma.

Siku ya kuondoka, mpe mmiliki mpya nakala ya daftari lako zima, cheti cha kipimo cha damu kinachohitajika kuvuka mpaka wa jimbo, tarehe ya mwisho aliyofanyiwa kwato na meno, na nyasi kavu na nafaka za kutosha wiki mbili ili abadilishe chakula polepole huko aendako. Mwachie namba yako ya simu. Kisha safisha banda kwa dawa, liache likauke, na uwaambie shirika ni lini utakuwa tayari kumpokea mwingine. Ukihitaji kupumzika mwezi mmoja au miwili, sema hivyo pia.