Ndege Mwenye Mdomo Mrefu Kuliko Mwili

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipotembelea hifadhi ya Yanacocha nchini Ekuador, kwenye miteremko ya mlima Pichincha karibu na Quito, ukungu ulifunguka kidogo nikamwona ndege mdogo akielea mbele ya ua, mdomo wake ukiwa mrefu kuliko kiwiliwili chake. Je, huyo ni chozi wa huko, kama wale ndege wadogo wa kwetu wanaonyonya nekta?

JIBU: Ndugu msomaji, umebahatika sana. Huyo ni kolibri mdomo-upanga, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Ensifera ensifera, na ndiye ndege pekee duniani ambaye mdomo wake huuzidi mwili, mkia ukiachwa kando. Mdomo huo hufikia takriban sentimita 10. Anaishi katika misitu ya milima ya Andes, kuanzia Venezuela hadi Bolivia, ambako hunyonya nekta ya maua marefu yanayoning'inia, hasa ya Passiflora mixta, mmea wa jamii ya mpesheni wetu, ambao nao humtegemea yeye kusambaza chavua yake. Kwa kuwa mdomo haufai kusafishia manyoya, hujikuna na kujisafisha kwa miguu, na anapotua huuinua juu. Kwangu mimi, huo ndio mkao wake mzuri kuliko mikao yote.

Si chozi. Makolibri wanapatikana katika mabara ya Amerika tu, na kufanana kwao na chozi kunatokana na chakula chao, si nasaba. Ukirudi huko, keti kimya karibu na maua hayo, kwani huyarudia yale yale.