Kuapishwa hakutoshi: cheti cha mwaka cha wakili nchini Kenya

Wakili, umeuliza kama unaweza kusimama mahakamani sasa na kulipa ada za LSK (Chama cha Mawakili Kenya) mwezi Machi, kwa kuwa ulishaapishwa. Hapana. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Mawakili (Sura ya 16) kinataka mambo matatu kwa pamoja: uwe umekubaliwa kuwa wakili, jina lako liwe kwenye orodha rasmi ya mawakili, na uwe na cheti cha mwaka huo.

Cheti hutolewa na Msajili wa Mahakama, ila ombi hupitia LSK. Kabla ya kulipa, hesabu pointi zako za mafunzo endelevu: 5 kwa mwaka. Wengi hukwama hapo. Pesa wanazo, pointi hawana.

Tarehe ndiyo yenye mtego. Cheti kilichotolewa Januari huhesabiwa tangu tarehe 1. Cha Machi huanza siku kilipotolewa, na vyote huisha 31 Desemba. Kwa hiyo Januari na Februari zako zitabaki pengo lisilozibika kwa malipo ya baadaye.

Usijifiche nyuma ya kesi ya National Bank of Kenya na Anaj Warehousing. Kweli, mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilisema hati iliyoandaliwa na wakili asiye na cheti haibatiliki kwa sababu hiyo pekee. Hiyo ni kinga ya mteja. Wewe bado unaweza kushtakiwa kwa utovu wa nidhamu.

Na ukishalipa, usimwachie karani: hakikisha mwenyewe hali yako kwenye tovuti ya LSK. Risiti si cheti.