Paka shume uani: anza na majike

Dada wa Nkuhungu, Dodoma, umeuliza uwafanyeje paka shume waliohamia uani kwako na kuzaliana. Kuwafukuza ni kazi bure, nafasi yao watakuja wengine. Anza na majike: mimba ya paka ni siku kama 63 hadi 65 tu, na anaweza kushika nyingine huku bado ananyonyesha. Hata kajike ka miezi mitano kanabeba!

Ongea na daktari wa mifugo awafunge uzazi na kuwachanja kichaa cha mbwa. Tega kwa kizimba cha waya chenye dagaa. Akinasa, kifunike kwa kanga, gizani hutulia. Akiwa bado amelala kwa dawa akatwe ncha ya sikio iwe alama kuwa kashafungwa uzazi, usije ukamtega tena bure.

Maziwa achana nayo, wengi yanawaharisha. Maji ndiyo wanayoyahitaji, hasa kiangazi cha huku kwetu. Mabaki ya chakula yaondoe kabla ya usiku, la sivyo utafuga na panya. (Jirani mwenye vifaranga mwambie mapema, bwana.)

Paka akikung'ata, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.