Mkuu, deni hilo usilipeleke polisi

Mleta mada, umeandika kwamba kesho asubuhi unakwenda kituoni kuchukua RB (namba ya kesi uliyoripoti polisi) dhidi ya fundi aliyekopa vigae vya milioni 6, akalipa kidogo, kisha akaanza kukukwepa. Usiende. Hiyo kesho yako mimi niliianza mwaka 2015 na nimemaliza kuilipia mwaka jana.

Nilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Mwanza. Mkandarasi mmoja alichukua nondo na saruji za 8,400,000 kwa mkopo, Oktoba akalipa milioni 3, baada ya hapo simu haipokelewi. Na mimi nadaiwa na benki. Jirani wa fremu akaniletea kijana anayejiita mwanasheria, akaniambia: "Bosi, madai yanachukua miaka. Fungua jinai, alale ndani siku mbili, ndugu zake watachanga." Kwa maneno hayo alichukua laki tatu. Mahakamani sikumwona hata siku moja, na mpaka leo nikipita ilipokuwa meza yake damu inanichemka. Unamuuziaje mtu mwenye shida kitu ambacho wewe mwenyewe hukijui?

Kilichonimaliza ni maelezo niliyoandikisha. Nilisema jamaa amejipatia mali kwa udanganyifu, na ile milioni 3 sikuitaja kabisa. Kijana alisema niiache, eti itaharibu kesi. Nikasaini kila ukurasa.

Mkandarasi akakamatwa Ijumaa jioni, akatoka Jumatatu, wakati sheria ya mwenendo wa jinai inazungumzia saa 24. Ndugu hawakuchanga hata shilingi. Kesi ikaenda mahakama ya wilaya, na huko ndiko nilikojua kwamba si yangu tena: ni Jamhuri dhidi yake, mimi ni shahidi. Siwezi kusema "amelipa, basi tuache", siwezi kuchagua tarehe, nafunga duka kila inapotajwa. Zaidi ya mwaka. Siku ya kuhojiwa wakili wake akanionyesha risiti ya milioni 3, kutoka kitabu changu, yenye muhuri wangu. Akaniuliza: mwizi gani anarudi kulipa? Sikuwa na jibu. Akaachiwa huru.

Mwaka 2018 akanishtaki yeye. Nililomfanyia ni kosa la madai: si jinai, si kuvunja mkataba, ila umemdhuru mtu na unamlipa. Linaitwa kumshtaki mtu kwa hila. Ilibidi athibitishe mambo matano: kwamba mimi ndiye niliyesababisha ashtakiwe, kesi iliisha kwa ushindi wake, sikuwa na sababu ya msingi, nilikuwa na nia mbaya, na alipata hasara. La kwanza, la tatu na la nne niliyaandika kwa mkono wangu siku ile kituoni, maana aliyeficha risiti anajua alichoficha. Ningesema ukweli wote na polisi wakaamua wenyewe, ningekuwa na pa kusimama. Hukumu ikatoka mwanzoni mwa 2022: fidia milioni 12 na gharama za kesi. Anayetaka kucheka acheke, ila kicheko hakilipi wakili.

Na deni langu la 5,400,000? Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita. Malipo yake ya mwisho yalikuwa Oktoba 2015. Nilipotoa kichwa kwenye ile kesi, muda ulikuwa umepita.

Kwa hiyo jiulize swali moja tu: siku anachukua mzigo, alikudanganya kuhusu jambo lililokuwepo au lililokwisha kutokea? Alitumia jina la kampuni isiyo yake? Alikuonyesha karatasi ya benki ya kughushi? Hapo kuna jinai. Kama alisema "nitakulipa mwisho wa mwezi" halafu hakulipa, hiyo ni ahadi iliyovunjwa. Kanuni ya Adhabu inaposema udanganyifu inahusu jambo la sasa au la nyuma, si ahadi ya kesho. Fundi wako amekulipa sehemu, mkuu. Sehemu hiyo inapiga kelele kwamba ni deni.

Mwandikie notisi ya siku 14, mpelekee mbele ya shahidi au mwenyekiti wa mtaa, abaki na nakala moja na asaini nakala yako kwamba amepokea. Asipolipa fungua madai mahakama ya mwanzo. Milioni 6 iko ndani kabisa ya kiwango ambacho mahakama hiyo inaruhusiwa kusikiliza. Peleka hati aliyosaini kupokea mzigo, meseji zake za kuomba muda, na risiti za alicholipa. Hizo za alicholipa ziweke juu kabisa.

Niambie kwanza: RB umeshachukua au bado? Na kama umeandikisha maelezo, kile kidogo alicholipa umekitaja?