Maswali ya Wasomaji: Pigo Liko Wapi?

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: pigo liko wapi, na kwa nini linatuponyoka. Tumezijibu tano.

Studio wanasema "biti kali", mwalimu wa kwaya anasema "shikeni mapigo", mpiga ngoma anasema "mdundo". Ni kitu kimoja?
*Kijana anayejifunza kutengeneza muziki, Mwanza*

Ni vitu vitatu, na kuvichanganya ndiko kunakoleta ubishi mazoezini. Biti, kwa lugha ya studio, ni muziki wote ulio chini ya sauti ya mwimbaji: ngoma, besi, kinanda. Pigo ni kile kinachorudi kwa nafasi sawa tangu wimbo unaanza hadi unakwisha, hata pale ambapo hakuna chombo kinachokipiga. Ndicho mguu wako unachogonga chini bila kuambiwa. Mdundo ni namna sauti ndefu, sauti fupi na ukimya vinavyopangwa juu ya mapigo hayo.

Tembea chumbani kwa hatua za kawaida. Miguu ndiyo mapigo. Piga kofi moja kwa kila hatua, kisha makofi mawili, kisha manne, kisha kofi moja kwa hatua mbili. Umepiga midundo minne tofauti na miguu iko palepale. Ukiona miguu inaharakisha makofi yanapofika manne, umeshajua pa kuanzia: mikono yako inauburuta mwili, badala ya mwili kuibeba mikono.

Kujua kasi ya wimbo, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukipata 23, wimbo uko kwenye 92 kwa dakika, na hiyo ndiyo namba ya kuingiza kwenye programu kabla hujarekodi chochote.

Shikamoo mwalimu. Kwaya yetu inaanza wimbo vizuri, lakini tukifika ubeti wa tatu tumeshakimbia. Mpiga kinanda anatulaumu sisi, nasi tunamlaumu yeye.
*Mwanakwaya wa sauti ya pili, Iringa*

Marahaba. Kwanza jueni mnaumwa ugonjwa upi, maana ni miwili na dawa zake ni mbalimbali. Kukimbia ni mapigo kusogeleana kidogo kidogo. Kukata pigo ni kuliacha pigo zima njiani huku mwendo ukiwa uleule. Yote mawili humwacha mpiga kinanda nyuma, ndiyo maana lawama hazieleweki. Kuyatofautisha, mtu mmoja asiyeimba akanyage kulia, kushoto, kulia, kushoto tangu mwanzo wa wimbo. Mguu wake ukilazimika kuharakisha, mnakimbia. Mguu ukibaki na mwendo wake, ila neno lililokuwa linaangukia kulia sasa linaangukia kushoto, kuna pigo mmelikata.

Pigo hukatwa zaidi kwenye noti ndefu ya mwisho wa mstari. Tazameni karatasi zenu za tonik solfa, mtindo ule wa kuandika muziki kwa herufi ulioenezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19 na ambao kwaya zetu nyingi bado zinausoma. Nukta pacha hutenganisha mapigo, mstari wa wima hutangulia pigo zito, na kistari maana yake endelea na noti uliyoishika kwa pigo jingine. Mstari wa wimbo ukiishia hivi:

| d :- | - :- ||

hiyo do ina mapigo manne. Wengi huishika kwa mawili na nusu, pumzi inakwisha, wananyakua hewa na kuingia mstari unaofuata pigo moja kabla ya wakati. Kuwaambia "shikilieni zaidi" hakutoshi. Amueni hewa inavutwa wapi: shikeni mapigo matatu kamili, achieni pale la nne linapoanza, vuteni hewa ndani ya hilo la nne, ingieni kwenye moja, yaani pigo la kwanza la mstari unaofuata. Kisha kila mtu aweke alama ya penseli kwenye nakala yake. Kwaya ya watu 20 ikivuta hewa mahali 20, mwenye pumzi fupi kuliko wote ndiye anayeiongoza.

Kukimbia kuna chanzo kingine. Sauti zikipanda nguvu, kasi nayo hupanda, kwa sababu mwili huona kuongeza nguvu na kuongeza kasi kuwa kazi moja. Noti za nusu pigo zikifuatana nyingi nazo husukumana. Na kanisa likianza kupiga makofi, waimbaji huyafuata makofi badala ya kinanda. Pimeni kwa saa ya simu. Ubeti wenye mafungu 16 ya mapigo manne una mapigo 64. Kwa mwendo wa 80 kwa dakika unachukua sekunde 48. Ubeti wa tatu ukichukua sekunde 44, mmefika 87. Na kama mpiga kinanda anatumia ngoma zilizomo ndani ya kinanda chenyewe, hizo haziharakishi hata siku moja, kwa hiyo wanaokimbia ni nyinyi.

Zoezi lake: wekeni metronomu, kile kifaa au programu ya simu inayolia kwa kila pigo, kwenye 80 na muimbe ubeti mzima. Ishusheni hadi 40, ili ilie kwenye pigo la kwanza na la tatu tu, muimbe tena kwa mwendo uleule. Nafasi kati ya mlio na mlio mnaibeba wenyewe, na hapo mtamsikia anayewahi. Mwisho nong'onezeni maneno ya ile sehemu yenye nguvu nyingi, metronomu ikiwa kwenye 40. Kunong'ona kunaondoa nguvu na kuacha kasi peke yake, nayo ndiyo mnayotaka kuifundisha miili yenu. Dakika 10 mwanzoni mwa kila siku ya mazoezi zinatosha.

Napiga kinanda bendi ya harusi. Rumba naiweza, bongo fleva naiweza, wakidai chakacha napotea. Nikihesabu moja hadi nne haikai.
*Mpiga kinanda, Kilifi*

Haikai kwa sababu chakacha haihesabiki kwa nne. Hesabu yake ni sita, na sita ina sifa ambayo nne haina: unaweza kuikata mara mbili, tatu na tatu, au kuikata mara tatu, mbili na mbili na mbili. Katika ngoma hii ya kina mama wa pwani mikato yote miwili inasikika kwa pamoja, na kiuno cha mchezaji kinaishi katikati ya mvutano huo. Ukishika upande mmoja tu, utakuwa unapiga muziki mwingine, hata kama kila noti ni sahihi.

Sema polepole: njoo kula chai. Hesabu silabi zake: njo, o, ku, la, cha, i. Sita, na zote ziwe na urefu sawa. Sasa kaa, weka mikono mapajani. Mkono wa kulia upige kwenye *njo*, *ku* na *cha*. Wa kushoto upige kwenye *njo* na *la*. Yaani:

njo – mikono yote
o – kimya
ku – kulia
la – kushoto
cha – kulia
i – kimya

Kulia umepiga mara tatu, kushoto mara mbili, kwa muda uleule. Usihesabu namba, endelea kusema maneno, kwa kuwa urefu wa silabi ndio unaoiongoza mikono. Anza na metronomu kwenye 40, kila mlio ukutane na mkono wa kushoto. Hapo kila silabi inachukua nusu sekunde. Ukimaliza mizunguko 20 bila kukwama, panda kwa 5.

Kosa la karibu kila mtu aliyelelewa na nne liko kwenye ile *i* ya mwisho. Inamezwa. Unasikia "njoo kula cha, njoo kula cha", silabi tano, na baada ya mizunguko michache mpiga ngoma anakutazama. Jirekodi kwa simu ukisema na kupiga. Kama *i* haisikiki kwenye rekodi, rudi kwenye 40.

Ikishakaa mapajani, ihamishie kwenye kinanda: besi ya kushoto kwenye *njo* na *la*, kodi za kulia, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kwenye *njo*, *ku* na *cha*. Halafu badilisha, besi ichukue tatu na kodi zichukue mbili. Usiiruke hatua hii ya pili hata kama unaona ya kwanza inatosha jukwaani, maana asiyeweza kubadilisha atapotea mara mpiga ngoma anapohamia upande wa pili.

Naandika mashairi ya mizani 8, nimehesabu vizuri kabisa. Nikiyaweka kwenye muziki nasikika kama mgeni anayejifunza Kiswahili.
*Mtunzi, Unguja*

Mizani inakuhesabia silabi. Haikuambii ipi nzito. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na sikio la msikilizaji linataka mkazo huo ukutane na pigo zito. "Habari" mkazo wake uko kwenye *ba*. Ukiiwekea *ha* kwenye moja, umetamka neno ambalo hakuna mtu Unguja analitamka hivyo. Ianze kabla: *ha* ikae kwenye nusu ya mwisho ya pigo la nne, *ba* iangukie kwenye moja. Kwa "nakupenda", *na* na *ku* zigawane pigo la nne, *pe* ipokee moja.

Shida yako kubwa, tunavyoielewa, iko kwenye beti zinazofuata ule wa kwanza. Linganisha mistari hii miwili:

Moyo wangu unauma
Jirani hataki jambo

Yote ina mizani 8. Lakini wa kwanza una mkazo kwenye silabi ya 1, ya 3 na ya 7, na wa pili kwenye ya 2, ya 5 na ya 7. Uimbe wa pili kwa sauti uliyotungia wa kwanza, na utajikuta unasema *JI-ra-NI*. Hapo una njia mbili. Ama usogeze sauti, *ji* ianze kabla ya pigo na *ra* ishike moja. Ama ubadilishe maneno. Kabla ya kuchagua, piga mstari chini ya silabi zenye mkazo kwenye ubeti wa kwanza, kisha andika beti nyingine chini yake ukilinganisha mistari hiyo. Angalia hasa maneno yanayoongezwa mwishoni: "nyumba" ina mkazo kwenye *nyu*, "nyumbani" umehamia *mba*.

Na usisahau *m* inayosimama peke yake. "Mtu" ni silabi mbili, na yenye mkazo ni hiyo *m*. Ipe noti yake, usiibane ndani ya *tu*.

Nikirekodi sauti nyumbani kwa hedifoni zisizo na waya, naisikia iko nyuma ya biti. Nimepoteza pigo?
*Msanii chipukizi, Temeke*

Huenda hujapoteza kitu. Hedifoni hizo huchelewesha sauti, na milisekunde 200 si jambo la ajabu. Wimbo wa 120 kwa dakika una pigo moja kila milisekunde 500, kwa hiyo umecheleweshwa karibu nusu ya pigo. Wewe unaimba sawasawa na unachosikia, ila unachosikia kimeshapita. Kwenye singeli, ambayo hupita 200 kwa dakika, ucheleweshaji huohuo unapita theluthi mbili za pigo.

Chomeka hedifoni za waya, rekodi mstari mmoja tu, kisha sikiliza kama silabi zenye mkazo zimekaa juu ya ngoma. Zikikaa, futa zile rekodi za zamani na uanze upya. Kuzisogeza moja moja kwa mkono kutakula muda mwingi kuliko kuimba tena.